Sura ya Nne: Pora au Tembe?

Kila mtamio unapoanguliwa, wafugaji wa Meru na Embu, kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago, huulizana ni vifaranga wangapi watakuwa tembe, yaani majike machanga yanayokaribia kutaga, na wangapi watakuwa pora, yaani majogoo machanga. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa chakula cha kuku ni ghali na jogoo hatagi. Majibu yanayotolewa ndiyo yenye kasoro. Husemwa kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike, kwamba joto la mashine ya kuangua likibadilishwa majike huongezeka, na hata kwamba sindano inayoning'inia kwa uzi juu ya yai huonyesha jinsia kwa namna inavyobembea. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli, na sura hii haiwezi kuendelea kabla ya kuyaondoa njiani.

Kwa ndege, tofauti na binadamu, jinsia huamuliwa na mama. Jogoo ana kromosomu mbili za aina ya Z, na jike ana Z moja na W moja, kromosomu zikiwa ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi. Kiini kinachobaki na Z huwa jogoo, na kinachobaki na W huwa jike. Jambo hilo hukatwa ndani ya ovari muda mfupi kabla ya kiini kuachiliwa, yaani kabla ute haujakizunguka na kabla ganda halijaanza kujengwa. Umbo la yai huja baadaye, katika mrija wa mayai, ndiyo maana kuku mmoja hutaga mayai ya umbo linalofanana kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kama kuchongoka kungekuwa dalili ya ujogoo, kuku mwenye mayai yaliyochongoka asingepata binti hata mmoja, jambo ambalo mfugaji yeyote anaweza kulikanusha kwa kutazama ua wake. Imani hiyo ni kongwe na haijawahi kukubaliana na nafsi yake: Aristotle aliandika kwamba mayai marefu yaliyochongoka ni ya majike, na Columella, Mrumi wa karne ya kwanza, akaandika kinyume chake kabisa.

Kuhusu joto, mamba wa Mto Tana, unaopita kusini mwa Embu, kweli hupata jinsia kulingana na joto la mchanga yalikofukiwa mayai. Kuku si mamba, na joto lisilofaa humwulia kifaranga ndani ya ganda bila kumbadilisha jinsia. Na kuhusu sindano, Ujerumani ilipopiga marufuku kuua vifaranga dume wa kuku wa mayai kuanzia Januari 1, 2022, baadhi ya viwanda vya kuangua viligharamia mitambo inayochunguza yai kwa mwanga au kwa tone la majimaji yake. Kama sindano na uzi vingetosha, nani angenunua mitambo hiyo?

Imani hizi hudumu kwa sababu ya hesabu. Mtamio wa vifaranga 10 hutoa watano kwa watano mara moja tu katika kila nne hivi, na zaidi ya theluthi moja ya mitamio hutoa 7 au zaidi wa jinsia moja. Mwenye kubahatisha hupatia mara nyingi kiasi cha kusifiwa, na anapokosea husahauliwa.

Katika siku ya kwanza ya maisha zipo njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kukagua tundu la nyuma, iliyofafanuliwa na watafiti wa Japani katika miaka ya 1920: mkaguzi hulifunua tundu kwa kidole na kutafuta kijinundu kidogo sana, na asiye na mafunzo marefu humjeruhi kifaranga bure. Ya pili ni kulinganisha urefu wa manyoya ya bawa, nayo hufaa tu pale wazazi walipochaguliwa kwa kusudi hilo. Ya tatu ni rangi, na hii inastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mfugaji mdogo anaweza kuifanya mwenyewe.

Kuku wa Plymouth Rock mwenye mistari myeupe na myeusi hubeba mistari hiyo kwenye kromosomu Z. Akipandwa na jogoo wa Rhode Island Red, asiye na mistari, Z moja ya mama huenda kwa wana wa kiume peke yao. Binti humrithi W, na Z yake hutoka kwa baba. Vifaranga wote huanguliwa wakiwa na malaika, yaani manyoya laini, meusi, lakini wa kiume huwa na doa jeupe utosini na wa kike hawana, na wakikua pora huwa na mistari na tembe huwa weusi. Wazazi wakigeuzwa, jogoo akawa ndiye mwenye mistari, watoto wote hupata mistari na dalili hupotea. Kwa kuku wa kienyeji, ambao damu yao imechanganyika mno, njia hii haitegemeki, kwani jogoo mwekundu huweza kubeba urithi wa aina nyingi na mama mwenye mistari huweza kukosa weusi unaolifanya doa lionekane.

Kwa hao wa kienyeji hakuna budi kusubiri. Kuanzia wiki ya 5 au ya 6, walinganishwe ndugu wa mtamio mmoja: pora huwa na miguu minene, na undu wake, yaani upanga wa kichwani, hukua na kuwa mwekundu mapema. Dalili ya uhakika zaidi huja kati ya wiki ya 10 na ya 12, manyoya ya mgongoni karibu na mkia yanapopekuliwa: ya pora ni membamba, yamechongoka na yanang'aa, ilhali ya tembe yana ncha za mviringo. Kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, akaguliwe hapo mgongoni, na mwenye manyoya yaliyojikunja atazamwe undu.

Anayenunua vifaranga wa kienyeji wa siku moja na ahesabu nusu yao kuwa majogoo, apange chakula na bei kwa hesabu hiyo, na asimlipe muuzaji hata shilingi moja ya ziada kwa ahadi ya majike matupu.