Je, Wajua? Mlima Meru hupandwa kwa ulinzi wa bunduki

Macho ya wengi wafikao Arusha huelekea Kilimanjaro, ilhali mlima wa pili kwa urefu Tanzania umesimama hapo hapo juu ya mji. Meru una zaidi ya mita 4,500, na safari yake huanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huruhusiwi kupanda bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Si kwa sababu ya majambazi: ni nyati, ambao njia za chini wanazihesabu kuwa zao.

Wapandaji hulala kwenye kibanda cha Miriakamba, kisha Saddle Hut, na wenye pumzi ya ziada hukwea kilele cha Meru Ndogo, mita 3,820. Kazi yenyewe huanza usiku wa manane, kwenye ukingo wa kreta. Upande mmoja mteremko wa majivu na mawe. Upande wa pili genge refu, na chini yake koni ya majivu. Kwa maoni yangu, ukingo huu unashinda njia yoyote ya Kilimanjaro. Volkano hii ilifuka mara ya mwisho mwaka 1910.