Miezi minne kabla ya kidato cha kwanza

Mtihani wa darasa la saba huchukua siku mbili tu, mwezi wa tisa. Mchana wa siku ya pili, iwe Mbagala au Tandale, watoto hutoka getini wakishangilia, wengine wameloa chapachapa kwa maji waliyomwagiana. Kaptula zimewabana, lakini nani anajali? Sekondari ni suruali.

Kuanzia hapo hadi shule zifunguliwe Januari ni takriban miezi minne. Kwa kijana wa miaka 13 au 14, hiyo ndiyo likizo ndefu kuliko zote alizopata tangu aanze shule. Ajabu ni kwamba wengi hawapumziki.

Wiki haijaisha, matangazo ya “pre-form one” yameshabandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za maduka. Ni tuisheni ya kumwandaa mtoto kwa sekondari: Kiingereza kwanza, halafu Hisabati, na vionjo vya Fizikia, Kemia na Biolojia. Darasa laweza kuwa chumba cha shule binafsi, banda la mabati au sebule ya mwalimu mwenyewe. Wazazi wanaojibana kulipia hawafuati mkumbo. Wanajua kinachomsubiri mtoto.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, shule za msingi za serikali Tanzania Bara, isipokuwa chache, hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari ni Kiingereza. Mtoto anayeweza kukueleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, akakueleza mpaka ukaridhika, anaingia kidato cha kwanza na kukuta habari ile ile kwa lugha aliyoizoea kama kipindi kimoja tu kwenye ratiba. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili. Serikali haikuafiki, na miaka 40 na ushee baadaye wakubwa bado wanabishana. Mtoto yeye hupewa kozi fupi ya Kiingereza mwanzoni mwa muhula, kisha masomo yanaanza.

Desemba majina ya waliochaguliwa yakishatoka, nyumba hubadilika. Baba anasoma fomu ya kujiunga mara ya pili, safari hii akiwa na kalamu mkononi. Madaftari makubwa. Rimu ya karatasi. Jembe au kwanja, ufagio wa chelewa, ndoo. Kama ni bweni, ongeza godoro, chandarua na tranka lenye kufuli. Ada haimo: ile ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na 70,000 kwa za bweni iliondolewa kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015. Ilikuwa nafuu ya kweli, na madarasa yalijaa. Lakini muuza viatu hana habari na waraka.

Kwa fundi cherehani ndiyo msimu. Binti anasimama mikono pembeni, futi ya kupimia inashuka kutoka kiunoni, na kila fundi akitaja urefu mama anasema, “Ongeza.” Pindo linaachwa pana, upana wa kiganja, ili mwakani lifumuliwe. Kwa hiyo Januari utawatambua wageni wa sekondari hata kabla hawajafungua midomo: sketi zinakaribia vifundo vya miguu, na mikono ya sweta imemeza vidole.

Wasiokwenda tuisheni nao hawakai bure. Kuna wanaouza maji na karanga vituoni, wanaokaa gengeni kwa shangazi, wanaopelekwa kijijini mvua zikianza wakashike jembe. Binti mara nyingi ndiye hugeuka yaya wa nyumba nzima. Si kwamba kazi ni mbaya. Wengi wetu tulinunua viatu vya shule kwa jasho la namna hiyo. Tatizo ni kwamba Januari wote wanaketi dawati moja, mbele ya mwalimu mmoja, na mmoja wao ana miezi minne ya Kiingereza kichwani. Mwenzake anaambiwa hana akili.

Na wakati huo wote, Septemba hadi Desemba, chumba cha darasa la saba katika shule ya mtaani kiko kitupu. Madawati yapo, ubao upo. Halmashauri zikitenga posho kidogo kwa walimu wa Kiingereza, saa mbili za asubuhi, siku tatu kwa wiki, mtoto wa muuza mchicha atapata alichonunuliwa mtoto wa karani. Zianze sasa. Chini ya sera mpya ya elimu, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea madarasa mawili kwa mpigo.