Moshi wa Asubuhi, Kiharusi cha Usiku

Mtu akianguka ghafla, mdomo ukapinda na mkono mmoja ukalegea, jamaa huulizana kuhusu presha, sukari na sigara. Hewa haitajwi kabisa.

Ushahidi unaonivutia zaidi kwamba hewa chafu huchangia kiharusi umetoka Boston, Marekani, mji ambao hewa yake wala haitishi. Mwaka 2012 Gregory Wellenius na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,705 waliolazwa kwa kiharusi cha kuziba kwa mshipa. Hawakutosheka na tarehe ya kulazwa. Walitafuta saa dalili zilipoanza. Kisha kila mgonjwa akalinganishwa na yeye mwenyewe: hewa ya saa zile kabla hajaugua, na hewa ya nyakati nyingine alipokuwa mzima. Hapo umri na uvutaji sigara havivurugi hesabu, maana mtu ni yuleyule. Siku ambazo vipimo vya Marekani viliita hewa "ya wastani", hatari ilizidi ya siku za hewa "nzuri" kwa asilimia 34. Uhusiano ulikuwa mkubwa zaidi saa 12 hadi 14 baada ya mtu kuvuta hewa hiyo.

Wahusika ni chembe za uchafu hewani zisizofika mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele kwa takribani mara 30. Puani hazizuiliki. Zikitua ndani kabisa ya mapafu huamsha uvimbe, mishipa ikajibana, presha ikapanda na damu ikawa rahisi kuganda.

Mji mmoja hautoshi, bila shaka. Mwaka 2015 watafiti wa Edinburgh walikusanya tafiti 103 kutoka nchi 28. Kila chembe hizo zilipoongezeka mikrogramu 10 katika mita ya ujazo, kulazwa au kufa kwa kiharusi kuliongezeka kwa asilimia 1 hivi. Kidogo? Kwa mtu mmoja, ndiyo. Lakini hewa huvutwa na mji mzima, na uhusiano ulikuwa mkubwa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nasi tuna jiko la mkaa ndani ya chumba kimoja.

Mwenye presha asiache dawa akidhani kutoa jiko nje kunatosha. Afanye yote mawili. Na dalili zikianza, tazameni saa kabla ya kutafuta gari, kwa sababu daktari ataiuliza: dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu.