Ndimu, siki au ndimu ya unga?

Ramadhani ikikaribia, bei ya ndimu Marikiti hupanda hata kabla mwezi haujaandama, na katika majiko ya Ndia Kuu, Mombasa, mashauri huanza: tuendelee na ndimu, tuhamie siki, au tuchukue ile ndimu ya unga inayopimwa kwenye maduka ya viungo?

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo pesa zinapopotea. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki kama asilimia 5 hadi 6. Ndimu zetu ndogo, zikiwa na maji ya kutosha, hutoa kijiko kimoja cha chakula kila moja, yaani mililita 15 hivi. Hiyo ni asidi isiyofika gramu moja. Ndimu ya unga ni asidi hiyohiyo, karibu tupu. Kwa hiyo pakiti ya gramu 100 ina ukali wa ndimu mia na zaidi. Tuseme ndimu moja umeipata kwa shilingi 5: ukali huo ungekugharimu shilingi 500 na ushei. Ulizia bei ya pakiti kwa muuza viungo, kisha pima mwenyewe. Siki nyeupe ya asilimia 5 nayo ni nafuu, lakini harufu yake hushika mchuzi, na sehemu ya asidi yake hupotea na mvuke chakula kikichemka.

Hata hivyo ukali si ladha. Ndimu ya unga haina manukato ya ganda la ndimu wala vitamini C, na anayempa mtoto mwenye mafua maji ya unga huo akidhani anampa tiba anamnywesha ukali mtupu. Kachumbari na samaki wa kupaka, mimi siwezi kuvikubali bila ndimu mbichi. Ukwaju nao una asidi nyingine, ya tatariki, na utamu wake wa ndani hauna mbadala kwenye sharubati wala kwenye chatine ya bajia. Lakini kwa rojo la viazi, kwa achari ya sufuria kubwa, kwa shira isiyotakiwa kuganda sukari, ndimu ya unga inatosha kabisa. Tia robo kijiko cha chai, koroga, onja, ndipo uongeze. Kwenye peremende na mabuyu ya watoto punguza mkono, kwani asidi kali hula meno.

Unga huu haukamuliwi tena kutoka kwenye matunda. Mwanakemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga asidi hii kwenye maji ya limau mwaka 1784, na kwa miaka mingi baadaye dunia ilitegemea malimau ya Italia. Mwaka 1917 James Currie, huko Marekani, alionyesha kuwa ukungu mweusi unaoitwa Aspergillus niger ukilishwa sukari huitoa asidi hiyo kwa wingi, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuitengeneza kwa njia hiyo. Leo viwanda hutoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, nyingi zikitoka China. Ukungu huohuo hutoa vimeng'enya vya kung'arisha juisi ya matofaa ya pakiti, na kingine, fitezi, kinachotiwa kwenye chakula cha kuku ili wafaidi fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka.

Je, tunakula ukungu? Hapana. Kiwandani huteuliwa aina zinazojulikana kuwa salama, ukungu wenyewe huchujwa, kisha asidi husafishwa na kugandishwa kuwa chembe. Ukiona E330 kwenye kopo la jamu au chupa ya soda, ndiyo hiyo.

Faida nyingine iko kwenye birika. Maji ya visima vya kisiwani huacha utando mweupe mgumu. Vijiko viwili vya chakula vya ndimu ya unga katika lita moja ya maji, chemsha, acha nusu saa, suuza: utando hutoka bila kununua dawa maalumu. Ila usiichanganye kamwe ndimu ya unga na Jik au dawa yoyote ya klorini, maana gesi inayotoka huunguza mapafu, na majiko mengi ya Mji wa Kale hayana madirisha makubwa.

Sasa tuje kwenye vitunguu, ambako ukungu uleule mweusi huja nyumbani bila kusafishwa na mtu. Kitunguu cha rundo la bei ya chini, ukikibandua ganda la juu, huonyesha masizi yaliyofuata mistari ya ganda, na ukiyagusa kidole hubaki cheusi. Joto na unyevu wetu wa pwani huyastawisha. Aina za porini si zile zilizoteuliwa na kiwanda. Mwaka 1994 watafiti walieleza kuwa baadhi yake hutoa okratoksini A, sumu inayodhuru figo, na mwaka 2007 ikagunduliwa kuwa baadhi hutoa pia fumonisini B2. Moto wa kawaida wa jikoni hauziondoi sumu hizi.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Chukua hivi mamangu, nakupunguzia," bonyeza shingo ya kitunguu kwanza. Ikiwa ngumu na masizi yako kwenye ganda kavu tu, chukua, menya ganda na tabaka la kwanza, osha kitunguu na mikono. Ikiwa laini, au weusi umeingia kwenye nyama, kiache, kwani nusu yake utaitupa na nusu iliyobaki huna uhakika nayo. Nyumbani vitandaze kwenye kikapu penye upepo, visifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Zabibu za pilau na biriani zinataka uangalifu zaidi, maana kwenye tunda jeusi ukungu mweusi hauonekani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 8 za okratoksini A kwa kilo ya zabibu kavu. Sisi sokoni tuna pua na vidole: zinazonuka uvundo, zilizogandana kwa unyevu au zenye vumbi, hazifai kwa bei yoyote. Ile akiba ya kwenye ndimu ya unga, mimi huitia hapa.