UNENE WA WAYA WA ARDHI: USIUSAHAU KEBO IKIREFUKA



Katika mashimo ya Kolwezi, pompi ya kutoa maji haikai mahali pamoja. Shimo likizidi kwenda chini, pompi inafuata maji, na kebo yake inarefuka: jana mita 60, leo mita 600. Kila fundi wa umeme anajua kwamba njia ndefu inapunguza volti, na mota inapata moto. Kwa hiyo anachagua waya za moto zilizo nene zaidi. Amefanya vema. Lakini je, ameufikiria na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano?

Waya huo unangoja siku moja tu: siku umeme utakapovuja na kushika ganda la mota. Hapo lazima urudishe umeme mwingi, ili fyuzi ikatike upesi. Umeme unaorudi ukiwa kidogo, fyuzi inachelewa. Na ganda linangoja mkono wako.

Tufanye hesabu. Waya wa moto una volti 230, fyuzi ni ya amperi 63. Kwa mita 60, waya wa moto ni milimita mraba 16, wa ardhi 10. Umeme ukivuja, zinapita amperi 1,300 hivi: fyuzi inakatika mara moja.

Sasa kwa mita 600, waya wa moto umeongezwa kuwa 50, lakini wa ardhi umeachwa 10. Zinapita amperi 177 tu. Fyuzi inaweza kukaa sekunde nyingi bila kukatika, na wakati huo wote ganda la pompi lina volti kama 190. Nawe umesimama ndani ya maji!

Dawa yake ni hii: unene wa waya wa moto ukiongezwa mara 3, na wa ardhi uongezwe mara 3. Kutoka 16 hadi 50 ni zaidi kidogo ya mara 3; basi 10 inakuwa 31. Chukua kipimo kinachofuata, yaani 35. Amperi zinapanda karibu 440, na fyuzi inakatika kwa sekunde chache. Mahali penye maji, ongeza na chombo kinachokata umeme mara tu unapovuja.

Kumbuka pia:

1. Bomba la maji si waya wa ardhi.
2. Kaza bolti, ondoa kutu. Kiungo kilicholegea ni sawa na waya mwembamba.
3. Pompi ikihamishwa, pima waya wa ardhi kabla ya kuwasha.
4. Ukisikia ganda linakutetemesha mkono, usiliguse tena. Umeme uzimwe, fundi aitwe.

Shaba tunaichimba sisi wenyewe. Tusiifanyie ubahili pale inapolinda maisha yetu.