Majipu Yanayorudi: Namna ya Kuyatunza Nyumbani na Wakati wa Kwenda kwa Daktari



Msimu uliopita wale waliofika ofisini kuchukua stakabadhi zao walituona tunaandika tumesimama, daftari liko juu ya kabati na kiti kimesukumwa pembeni. Wengi kwa adabu yao hawakuuliza. Mzee mmoja tu, ambaye tunamheshimu kama baba, alicheka akasema, "Katibu, kiti kimekukosea nini?" Siku ile tulimjibu kwa mzaha. Leo tunamjibu kwa ukweli mbele ya wanachama wote: kiti hakikukosa kitu. Lilikuwa ni jipu, nalo lilikuwa la nne katika miezi mitano, na mahali lilipokaa hapakuwa pa kuonyesha watu.

Tungeweza kuinyamazia habari hii, lakini wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Na msimu huo huo kilio kilikaribia kutufichua. Kijana mmoja, mchumaji katika shamba la mwanachama mwenzetu, alitokwa na jipu paja la ndani, pale panaposuguana na gogo wakati wa kupanda mkarafuu. Akalificha kwa siku tano, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi, na siku isiyo na pishi haina chakula. Usiku wa tano mwenziwe katika dago akalitumbua kwa mwiba wa mndimu. Siku ya pili yake paja likavimba, wekundu ukapanda hadi kwenye nyonga, homa ikamshika akawa anaweweseka. Alichukuliwa hospitali usiku, akalala huko siku kumi na moja. Amepona, na tunamshukuru Mungu. Lakini siku hizo kumi na moja zilikuwa katikati ya msimu, na watoto wake walizihesabu moja moja.

Kwa hiyo tumeona yafaa tuandike tuliyojifunza.

JIPU NI NINI?

Jipu huanza katika kitundu cha unywele. Ngozi inapokwaruzwa na kijiti, au inaposuguliwa na kamba ya pakacha huku ina jasho, kijidudu huingia ndani. Mwili nao hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, na vita vikipiganwa hapo ndipo pakavimba, pakawaka moto na kuuma. Usaha ni mabaki ya vita hivyo.

Kijidudu chenyewe huitwa stafilokoki. Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Aberdeen, huko Scotland, jina lake Alexander Ogston, aliutazama usaha kwa darubini akaona vijidudu vya mviringo vimeshikana mafungu mafungu. Miaka miwili baadaye akavipa jina kwa lugha ya Kiyunani, maana yake kishada cha zabibu. Lau angalizaliwa Pemba, bila shaka angalisema kishada cha karafuu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kijidudu hiki si mgeni. Katika kila watu kumi walio wazima, watatu hivi wanacho ndani ya pua zao bila kuwadhuru. Hupanda kutoka puani kwa vidole, kikafika shingoni, kwapani, mapajani, na kikingojea mlango ufunguke. Basi tusiwasingizie maembe, wala tusimwambie mtu kuwa damu yake ni chafu. Mtu msafi kabisa hupata jipu, na kumwaibisha ndiko kunakomfanya alifiche.

KULIKANDA

Jipu dogo aghalabu hupona nyumbani, na dawa yake ni ile ile aliyoijua bibi yetu: kukanda kwa maji ya moto. Moto huvuta damu mahali pale, jipu likaiva upesi, na maumivu yakapungua. Fanya hivi:

Kwanza nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, kisha yaache yapoe mpaka uweze kuyavumilia kwa upande wa ndani wa kiganja, maana tumeona watu wakijiunguza na kuongeza kidonda juu ya jipu. Chovya kitambaa safi, kamua, weka juu ya jipu, na kila kinapopoa chovya tena. Endelea kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Kitambaa kilichotumika kifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kutumika tena, na asikiguse mtu mwingine.

Likipasuka lenyewe, liache litoe usaha wake. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa bandeji au kitambaa safi kikavu, na ubadilishe kila siku au kila kinapolowa. Vitambaa vyenye usaha vichomwe moto au vitupwe chooni. Kwa maumivu, vidonge vya parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa vyatosha. Ukivumilia hivi, jipu dogo hukauka kwa muda wa wiki moja hadi tatu.

MAMBO YASIYOFAA

La kwanza ni kulikamua au kulitumbua kwa sindano, wembe au mwiba. Ukilibana jipu, usaha hautoki nje peke yake. Mwingine husukumwa ndani ya nyama na ndani ya damu, kama ulivyosukumwa kwa yule kijana. Na jipu la puani au la mdomo wa juu lisiguswe kabisa, kwa sababu mishipa ya damu ya mahali hapo imeungana na ile ya ndani ya kichwa, na uchafu ukipita njia hiyo ni hatari ya maisha.

La pili ni kupaka kinyesi cha ng'ombe, majivu au udongo. Vitu hivi vyaweza kuleta pepopunda, na pepopunda si ugonjwa wa kuchezea.

La tatu latuhusu sisi wakulima wa karafuu zaidi ya watu wengine. Tuna mafuta ya makonyo, na tunajua kuwa yanaua vijidudu, kwa hiyo wengine wetu huyapaka jipu yakiwa matupu. Sisi wenyewe tulifanya hivyo katika jipu la pili, tukalala macho. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli. Katika mafuta ya karafuu zenyewe hufika asilimia 70 hadi 90. Daktari wa meno hutumia tone dogo tu. Yakipakwa ngozini bila kuchanganywa huichoma, na ngozi iliyoungua ni mlango mwingine kwa kijidudu kile kile. Tuyauze mafuta yetu, tujivunie mafuta yetu, lakini tusijichome nayo.

La nne ni kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki dukani bila kupimwa. Tulifanya na hilo pia. Mwenye duka alitupa vidonge sita, tukameza vinne, tulipoona nafuu tukaviweka viwili kwa jipu lijalo. Tumekuja kuelewa baadaye kwamba hivyo ndivyo kijidudu kinavyofundishwa kuishinda dawa. Mwaka 1928 Alexander Fleming, huko London, aliona ukungu umeua stafilokoki hawa hawa katika sahani yake, na hapo ndipo penisilini ilipogunduliwa. Dawa hiyo ilienea miaka ya 1940, na kabla ya muongo huo kwisha, hospitali za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuona stafilokoki wasioijali. Leo wako wanaozishinda dawa nyingi. Jipu lililoiva huhitaji zaidi kutolewa usaha na mwenye ujuzi na kifaa kisafi. Antibayotiki huongezwa pale mganga wa hospitali anapoona haja, na zikitolewa zimalizwe zote.

KWA NINI YANARUDI?

Hili ndilo swali lililotupeleka hospitali hatimaye. Daktari alitusikiliza, kisha akatuuliza maswali matatu, na tunayaandika hapa ili kila mwenye majipu yanayorudi ajiulize mwenyewe.

Swali la kwanza: "Unapata kiu sana na kuamka usiku kukojoa mara kwa mara?" Majipu yanayorudi huwa mara nyingine ndiyo ishara ya kwanza ya kisukari, kwani sukari ikizidi katika damu, askari wa mwili hulegea. Alitutoboa kidole, akapima, akakuta tumesalimika. Akatueleza pia kuwa kuna maradhi mengine yanayodhoofisha kinga ya mwili, ukiwemo UKIMWI, na kwamba kupima si aibu. Kipimo ni cha dakika chache, na anayejua hali yake hutibiwa mapema.

Swali la pili: "Je, yanatoka kwapani na kwenye mapaja tu, mahali pale pale, yakiacha makovu na vishimo vinavyopitiana chini ya ngozi?" Hayo ni maradhi mengine kabisa. Hayaambukizi, hayatokani na uchafu, na kukanda peke yake hakuyamalizi. Mwenye dalili hizo aonane na daktari wa ngozi, asikate tamaa kwa miaka akidhani ni majipu ya kawaida.

Swali la tatu lilikuwa jepesi, nalo ndilo lililotukamata: "Nani mwingine nyumbani ana jipu?" Tukataka kusema hakuna. Kisha tukakumbuka kuwa mama watoto alikuwa na kijipu kwapani mwezi ule, na mtoto wetu wa pili alikuwa nacho shingoni, karibu na mahali pa kunyolewa. Taulo la nyumba nzima lilikuwa moja, limetundikwa mlangoni pa bafu. Wembe ulikuwa mmoja. Dodoki lilikuwa moja. Kumbe kijidudu kilikuwa kinazunguka nyumbani kama pishi inavyozunguka shambani, kila mtu akikipokea kwa mwenziwe.

Daktari akasema tusijitibu peke yetu, bali nyumba nzima. Jambo hilo limepimwa: huko St. Louis, Marekani, madaktari waliwagawa watoto 183 mafungu mawili, na katika matokeo waliyotangaza mwaka 2012, wale ambao jamaa zao wote walitibiwa pamoja nao walirudiwa na maradhi kwa uchache kuliko wale waliotibiwa peke yao. Kwa siku tano, kwa maagizo ya daktari, kila mmoja wetu alipaka malhamu ya mupirosini ndani ya tundu za pua mara mbili kwa siku, akakoga kila siku kwa dawa ya klorheksidini bila kuipeleka machoni wala masikioni, na mataulo, mashuka na nguo za mwilini zikafuliwa na kuanikwa juani kila siku. Kila mtu akapewa taulo lake na wembe wake. Dodoki tulilichoma moto.

Hatusemi kuwa ni muujiza. Tangu wakati huo limetoka jipu moja dogo, tukalikanda, likaisha kabla halijaiva. Na ofisini tunakaa.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Usingoje ikiwa: una homa au baridi ya mwili; wekundu unaenea au unapanda kwa mstari; jipu liko usoni au juu ya uti wa mgongo; ni kubwa sana, au ni majipu kadhaa yaliyoshikana yenye vinywa vingi; halikuiva wala kupungua baada ya wiki mbili; mgonjwa ni mtoto mchanga, mzee, au mwenye kisukari; au majipu yanarudi tena na tena.

NENO KWA WENYE MASHAMBA

Mwisho tunataka kusema jambo ambalo pengine halitawapendeza wote. Yule kijana hakulificha jipu lake kwa ujinga. Alilificha kwa sababu tulimzoesha kwamba asiyepanda hapati kitu. Sisi katika chama tunahesabu kila konyo lililochanganyika na karafuu, lakini hatukuhesabu kama katika dago mna sabuni.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama, msimu ujao, kila dago liwe na ndoo ya maji safi yenye kifuniko, sabuni, na mahali pa kukogea jioni baada ya jasho la kutwa. Kila mchumaji alale juu ya nguo yake mwenyewe na atumie wembe wake mwenyewe. Na mchumaji akisema, "Bwana, nina jipu," apewe kazi ya chini, ya kuchambua au ya kulinda majamvi, jipu likiwa limefunikwa vizuri, naye asipoteze riziki yake yote. Ujira wa siku tatu za kuchambua ni mdogo kuliko siku kumi na moja za hospitali, na ni mdogo zaidi kuliko mazishi. Tumeliandika shauri hili kwa Kamati ili lizungumzwe katika mkutano mkuu kabla mikarafuu haijaanza kuchumwa, na tunawaomba mje mlijadili.

Na yule mzee wetu tunamwambia hivi: kiti tumekirudisha mahali pake. Karibu tukae.

Wassalaam,
Katibu wa Chama