Kiroba, Pointi na Kilele cha Debe

Kwenye maduara ya Geita, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mgao ni wa viroba. Mawe yakishavutwa juu kwa kamba hayapelekwi kwenye mizani. Yanajazwa kwenye viroba na kugawanywa hadharani: mwenye leseni anachukua vyake, mwenye duara vyake, wachimbaji vyao, kwa makubaliano yaliyowekwa kabla ya kazi. Mgeni huona ni utaratibu wa kubahatisha, lakini una haki yake. Jiwe bado halijasagwa na hakuna ajuaye limebeba nini, kwa hiyo kulipima kilo kusingemsaidia mtu. Kinachotakiwa ni viroba vijazwe sawasawa, kutoka lundo moja, watu wote wakiona. Baada ya hapo kila mtu na karasha lake, mashine ya kusaga mawe. Wawili waliochimba shimo moja usiku kucha, mmoja anaweza kutoka na gramu kadhaa, mwenzake na pointi mbili tu, na wasidaiane.

Pointi ni sehemu ya kumi ya gramu, na ikifika hapo hakuna tena kukadiria. Dhahabu iliyotoka kuchomwa ili zebaki iruke huwekwa kwenye mizani ndogo yenye kifuniko cha kioo. Kama kuna feni, inazimwa, maana hata upepo husogeza tarakimu. Muuzaji mzoefu haulizi bei kwanza. Anatazama kama mizani inasoma sifuri. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, upimaji huo unaweza kufanyika mbele ya maofisa wa serikali, na nadhani hilo limempa mchimbaji mdogo nguvu ambayo hakuwa nayo alipouzia chumbani kwa mnunuzi.

Kwa Wasukuma wa ukanda huu, kuikazia mizani macho si jambo la juzi. Katika miaka ya 1940, wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Kero hiyo ilichangia kuzaliwa kwa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baada ya uhuru alikuwa waziri wa fedha.

Sokoni Shinyanga mambo ni mengine. Mama anayeuza mahindi haishii kwenye ukingo wa debe. Anamimina mpaka kilele kisimame na punje zianze kuporomoka pembeni, kisha anaongeza kiganja kimoja. Mteja harudi kwa muuzaji anayesawazisha debe kwa kijiti. Shambani, hata hivyo, kilele hichohicho kinaumiza. Mnunuzi wa jumla huja na gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa, na kulilipia kama gunia moja. Wakala wa Vipimo inalipiga marufuku, lakini bado lipo. Kilele cha debe mama hukitoa kwa hiari yake. Cha lumbesa mkulima hunyang'anywa, tena baada ya kulima ekari yake, hatua 70 kwa 70, kwa jembe la mkono.